Padi Haijui Jinsia, Lakini Chumba Kinajua

Najua nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa. Kazi za watu zilinibana, na nyinyi mnaoandika programu za kulipwa mnajua kwamba siku ya kukabidhi kazi ikikaribia hata usingizi unakuwa anasa. Leo nimepata nafasi, na nataka tuweke kando mambo ya hifadhidata na lugha za programu tuzungumzie gemu. Si zile za kupitisha wakati kwenye simu ukiwa ndani ya matatu. Nazungumzia gemu za mashindano, zile ambazo watu huzifanyia mazoezi kila siku na kushindania pesa.

Msomaji mmoja aliniandikia barua pepe akiuliza swali ambalo nimelisikia mara nyingi. Kwa ufupi alisema hivi: mbio za miguu zimegawanywa kwa wanaume na wanawake kwa sababu miili ni tofauti. Gemu ni vidole na akili. Padi haijui kama iko mikononi mwa mwanamume au mwanamke. Sasa hizi kelele za kuwakaribisha wanawake ni za nini? Mlango si uko wazi? Anayetaka na aingie!

Ni swali la haki, na aliyeliuliza aliuliza kwa adabu. Mimi ni mwanamke, nacheza gemu za mashindano, na pia ndiye ninayeandika programu ya kupanga mechi katika mashindano madogo tunayofanya hapa Nairobi kila mwezi. Basi nitajibu nikitumia yote mawili, yale niliyoyaona nikiwa nimeshika padi na yale niliyoyaona nikiwa mbele ya kibodi.

Kwanza tukubaliane na msomaji wetu pale alipo sahihi. Mimi hucheza Tekken, gemu ya kupigana ya kampuni ya Bandai Namco ya Japani. Toleo la 7 lilifika kwenye PlayStation na kompyuta mwaka 2017, na la 8 likaja Januari 2024. Gemu hii huchora picha 60 kila sekunde, na kila picha tunaiita fremu. Ngumi ya haraka ya wahusika wengi huchukua fremu 10 kumfikia mpinzani, yaani sehemu moja ya sita ya sekunde. Ukirusha teke zito na mwenzako akalizuia, huenda ukabaki nyuma kwa fremu 12. Ukibaki nyuma kwa fremu 12, pigo lake lolote la fremu 12 au chini litakupata upende usipende. Hakuna cha kubembeleza wala cha kujuana. Ni hesabu tu. Mashine haikuulizi umevaa nini wala sauti yako ikoje.

Hiyo ndiyo sababu niliipenda gemu hii tangu utotoni. Lakini jiulize, hizo hesabu mtu anazijuaje? Anajua vipi kwamba teke fulani lina adhabu na lingine halina? Kitabu cha maelekezo hakimwambii kila kitu. Anaambiwa na watu. Anacheza na mtu aliyemzidi, anapigwa, anauliza "hiyo nimekosea wapi?", na yule mwingine anamwonyesha. Ujuzi wa gemu za mashindano husafiri kutoka mtu hadi mtu, kama ufundi wa kushona au wa kutengeneza baiskeli. Ukiwa nje ya mazungumzo hayo, padi yako inaweza kuwa ya bei ghali namna gani na bado utabaki pale pale.

Mtaani kwetu kulikuwa na chumba cha mabati chenye runinga tatu na PlayStation tatu. Ulilipa kwa mechi, na anayeshinda alibaki kwenye kiti. Kaka yangu alinipeleka, na kwa sababu nilikuwa na kaka, nilikaa ndani. Wasichana wengine walisimama mlangoni wakitazama. Hakuna aliyewafukuza! Hakukuwa na bango lililosema wasiingie. Lakini msichana aliyeingia peke yake alitazamwa na chumba kizima, mwenye chumba akamuuliza anamtafuta nani, na kabla hajajibu alikuwa amekwisha kutoka. Sasa mwambie msichana huyo kwamba mlango ulikuwa wazi.

Watafiti wamejaribu kupima jambo hili. Mwaka 2013 Jeffrey Kuznekoff na Lindsey Rose walichapisha utafiti walioufanya ndani ya gemu ya Halo 3. Waliingia katika mechi za mtandaoni na kutumia maneno yaliyorekodiwa mapema, maneno ya kawaida yasiyo na ubaya. Katika mechi nyingine yalisemwa kwa sauti ya mwanamume, katika nyingine kwa sauti ya mwanamke, na katika nyingine hawakusema chochote. Maneno ni yale yale. Sauti ya mwanamke ilijibiwa kwa maneno mabaya mara tatu zaidi ya sauti ya mwanamume au ukimya.

Mwaka 2015 Kuznekoff na mwenzake Michael Kasumovic waliziangalia tena data hizo wakiuliza swali lingine: ni nani hasa anayetukana? Wakaona kwamba wanaume waliokuwa wanacheza vibaya ndio waliokuwa wakali zaidi kwa sauti ya mwanamke. Wale waliokuwa wakicheza vizuri walikuwa na maneno ya heshima zaidi kwake. Kwa hiyo yule anayekufokea mtandaoni mara nyingi si bingwa anayelinda heshima ya mchezo. Ni mtu anayeona nafasi yake ndogo inaponyoka.

Na je, wanawake ni wachezaji dhaifu kwa asili? Mwaka 2016 Cuihua Shen na wenzake walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za seva za gemu mbili kubwa za mtandaoni, moja ya Marekani, EverQuest II, na moja ya China. Waliangalia kasi ya wachezaji kupanda ngazi. Ukiwalinganisha wanaume na wanawake waliotumia muda sawa, wanawake walipanda kwa kasi angalau sawa na ya wanaume. Pengo linaloonekana kwa macho linatokana na mambo kama muda wa kucheza, si uwezo. Sasa unganisha tafiti hizi. Anayetukanwa mara tatu zaidi ataacha mapema, atapata saa chache za mazoezi, kisha tutasema hajui kucheza.

Mifano ya watu ipo. Mwaka 2016 msichana wa Korea Kusini wa miaka 17, Kim Se-yeon, anayejulikana kwa lakabu ya Geguri, alicheza Overwatch kwa ustadi mkubwa hata wachezaji wa timu pinzani wakadai kwamba anatumia programu ya udanganyifu ya kulenga shabaha. Ilibidi aende studio, akae mbele ya kamera, watu waone mikono yake na kioo chake kwa wakati mmoja. Akacheza vile vile. Mwaka 2018 alijiunga na timu ya Shanghai Dragons na kuwa mwanamke wa kwanza katika Overwatch League. Jiulize ni wavulana wangapi wa miaka 17 wamewahi kutakiwa kuonyesha mikono yao ili waaminiwe.

Maria Creveling, aliyejulikana kama Remilia, alikuwa mwanamke wa kwanza kucheza katika ligi kuu ya League of Legends ya Amerika Kaskazini, mwaka 2016. Hakumaliza msimu. Alijiondoa akieleza wasiwasi mwingi na kukosa kujiamini, baada ya kusakamwa mtandaoni kwa muda mrefu. Kwa upande mwingine, Li Xiaomeng wa China, lakabu yake VKLiooon, alitwaa ubingwa wa dunia wa Hearthstone mwezi Novemba 2019 kule BlizzCon. Baada ya ushindi alisimulia kwamba miaka ya nyuma, akiwa kwenye foleni ya kujiandikisha katika mashindano, aliambiwa kwamba foleni hiyo si ya wasichana.

Hapa kwetu tunaye Sylvia Gathoni, Queen Arrow, mchezaji wa Tekken. Mwaka 2018 alisajiliwa na timu ya XiT Gaming, na mwaka 2020 timu ya Marekani, UYU, ikamchukua. Alifanya hayo huku akisomea sheria. Siwezi kueleza maana ya kuona jina la Mkenya, tena mwanamke, kwenye gemu ninayoicheza mwenyewe. Lakini tusijidanganye. Mtu mmoja akivuka mto unaofurika, hiyo haimaanishi kwamba kuna daraja.

Basi turudi kwenye mashindano yetu madogo. Sisi tulio kwenye biashara ya programu tuna tabia moja nzuri: watumiaji wakipotea, hatuwalaumu kwanza. Tunaangalia ni hatua gani waliyopotelea. Mtu alifungua ukurasa, akajaza fomu, akafika kwenye malipo, halafu akaondoka. Kwa nini pale? Nilifanya hivyo kwa orodha zetu. Niliona kwamba wasichana walikuwa wanajiandikisha. Siku moja walikuwa saba, na hiyo kwetu ni idadi kubwa. Siku yenyewe walifika watatu. Mwezi uliofuata alirudi mmoja.

Nikawatafuta wale sita wengine, nikawapigia simu mmoja mmoja. Nilitarajia kusikia habari za matusi, na kweli zilikuwepo. Lakini hazikuwa za kwanza kwenye orodha. Haya ndiyo waliyoniambia.

Saa. Mechi zilianza saa nane mchana na kumalizika saa nne au saa tano usiku. Katikati ya jiji saa hiyo, msichana anayeenda Rongai au Kayole anafikiria matatu, nauli iliyopanda, na kutembea gizani kutoka stendi hadi nyumbani. Aliyekuwa anashinda alikuwa anaadhibiwa zaidi, kwa sababu ndiye anayebaki hadi mwisho! Mmoja aliniambia alipoteza mechi yake ya nusu fainali makusudi ili awahi gari.

Namba ya simu. Utaratibu tuliourithi ulikuwa kwamba kila aliyejiandikisha anaingizwa kwenye kundi la WhatsApp. Ukiingizwa humo, namba yako inaonekana na kila mtu. Wanaume walipokea matangazo ya mechi. Wasichana walipokea matangazo ya mechi pamoja na "niaje mrembo" saa sita usiku kutoka kwa watu wasiowajua.

Picha. Watu walirekodi mechi kwa simu. Msichana akishindwa vibaya, kipande hicho kilizunguka mitandaoni. Mvulana akishindwa vibaya hakuna aliyejali.

Na la mwisho lilinigusa zaidi. Mmoja aliniambia: "Nikishindwa, wanasema ni kwa sababu mimi ni msichana. Nikishinda, marafiki wa yule niliyemshinda wanamcheka kwamba amepigwa na msichana, na yeye anakasirika na mimi. Sasa nishinde au nishindwe?" Fikiria hilo kidogo. Mechi ilikuwa haimhusu tena. Alikuwa kipimo cha aibu ya mtu mwingine.

Nilipopeleka haya kwa wenzangu tunaoandaa mashindano, hatukukubaliana mara moja. Mmoja wao, rafiki yangu na mchezaji mzuri sana, alisema: "Dada, mnataka kuutia mchezo maji. Kurushiana maneno ndiyo raha yenyewe. Bila kelele hiyo ni maktaba."

Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Kelele ni sehemu ya gemu za kupigana. Mimi mwenyewe nina mdomo nikishika padi. Lakini sisi ni Wakenya, na sote tumekua tukifanya mchongoano. Kila mtoto aliyewahi kusimama kwenye duara la mchongoano anajua kwamba kuna sheria ambazo hazijaandikwa. Unamchonga mwenzako kwa ustadi, watu wanacheka, naye anakurudishia. Ukimtaja marehemu mzazi wake kwa kweli, au ukimgusa pale anapoumia kweli, duara lote linanyamaza. Hapo umeacha kuchonga. Umetukana. Hakuna aliyehitaji kamati kujua tofauti hiyo. Basi nikamwambia: ukisema ulinzi wangu una mashimo kama chandarua kuukuu, hiyo ni kuchonga. Ukisema lolote kuhusu mwili wangu, au kwamba nirudi jikoni, hiyo si sehemu ya mchezo kwa sababu siwezi kuirekebisha kwa mazoezi. Alicheka, akafikiri, akasema sawa.

Hatukuandika waraka mrefu. Tulibadilisha mambo machache, na mengi ni ya kawaida kabisa.

Kwanza, mechi zinaanza saa nne asubuhi na fainali inamalizika kabla ya saa kumi na mbili jioni. Ili hilo liwezekane niliongeza kwenye programu hesabu ya makadirio: idadi ya wachezaji, idadi ya mashine, dakika za mechi. Kwa mchujo wa maisha mawili, ambapo mtu anatoka akishindwa mara mbili, wachezaji 32 wanahitaji mechi 62 au 63. Ukiwa na mashine nne na kila mechi ikichukua dakika 15, hesabu kwenye karatasi inakupa kama saa nne, lakini mechi za mwisho haziwezi kuchezwa kwa pamoja, kwa hiyo ongeza. Programu ikiona siku itapita saa kumi na mbili, inafunga orodha ya kujiandikisha. Ni mistari michache ya msimbo. Nadhani haijawahi kutokea nikaandika mistari michache iliyobadilisha maisha ya watu kiasi hicho.

Pili, kundi la WhatsApp la wote halipo tena. Matangazo yanatoka kwa mwandaaji kwenda kwa kila mtu peke yake, na kwenye orodha inayoonekana kuna lakabu tu. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka 2019, na wengi hudhani ni mambo ya mabenki na kampuni za simu. Namba ya msichana aliyekuja kucheza gemu nayo ni data.

Tatu, fomu inauliza: je, unakubali mechi yako irekodiwe? Ndiyo au hapana. Anayesema hapana anachezea mashine isiyo na kamera. Cha ajabu ni kwamba baadhi ya waliochagua hapana walikuwa wavulana.

Nne, kuna mtu mmoja wa kupelekewa malalamiko, na mtu huyo hachezi siku hiyo. Huwezi kumlalamikia mtu ambaye dakika kumi zijazo atakuwa mpinzani wako au rafiki wa mpinzani wako. Jina lake na sura yake vinajulikana kabla ya mechi ya kwanza.

Tano, kuna meza ya wanaoanza. Yeyote aketi, apigwe, aulize, aonyeshwe. Hii haikuwekwa kwa ajili ya wasichana, lakini wao ndio walioitumia zaidi mwanzoni, kwa sababu wao ndio hawakuwa na chumba cha mabati.

Sasa, swali kubwa: mashindano ya wanawake peke yao je? Hapa wanawake wenyewe hatukubaliani. Kampuni ya Riot Games ilianzisha mwaka 2021 mfululizo wa VALORANT Game Changers kwa ajili ya wanawake na jinsia nyingine zilizoachwa pembeni, na fainali ya kwanza ya dunia ilifanyika Berlin mwezi Novemba 2022, ambapo timu ya G2 Gozen ilishinda. Wapo wanaosema hili ni zizi: ukiwatenga wanawake, wote watabaki humo, na watu wataamini kwamba hawawezi kwingine. Wanatoa mfano wa chesi. Judit Polgár wa Hungaria aliepuka mashindano ya wanawake karibu maisha yake yote, akapata cheo cha grandmaster mwaka 1991 akiwa na miaka 15, na mwaka 2005 alikuwa mtu wa 8 duniani, si mwanamke wa 8.

Ninaiheshimu hoja hiyo. Lakini angalia njia ya Sasha Hostyn wa Kanada, Scarlett katika StarCraft II. Watu walianza kumjua mwaka 2011 aliposhinda mashindano madogo ya mtandaoni ya wanawake. Hakubaki hapo. Mwezi Februari 2018 huko PyeongChang, Korea Kusini, alimshinda sOs, aliyekuwa amewahi kuwa bingwa wa dunia, kwa 4 kwa 1 katika fainali ya mashindano ya wazi. Na Polgár alikuwa na wazazi waliomfundisha chesi nyumbani tangu akiwa mdogo, na dada wawili wa kucheza nao. Alikuwa na chumba chake mwenyewe. Asiye na chumba tumjengee, kisha tuhakikishe chumba hicho kina mlango wa pili unaoelekea ukumbini. Mimi ningepima mashindano ya wanawake kwa jambo moja: baada ya mwaka, ni wangapi wamepita mlango huo wa pili?

Wenzangu wa fani yangu wataniuliza kuhusu programu zenyewe. Je, haziwezi kusaidia? Zinaweza, na ninapenda mfano wa Apex Legends. Gemu hii ilitoka Februari 2019 ikiwa na mfumo wa ishara: unabonyeza kitufe ukielekeza mahali, na mhusika wako anawaambia wenzako "adui yuko pale" au "kuna risasi hapa". Mtu anaweza kucheza mechi nzima kwa ushirikiano bila kufungua kipaza sauti. Kwa mwanamke anayeogopa sauti yake kusikika, hiyo ni nafuu kubwa, na pia kwa kiziwi, na kwa Mkenya aliyepangwa na Wareno. Mwezi Agosti 2021 kampuni ya EA ilitangaza kwamba wengine wanaweza kutumia hataza ya mfumo huo bure.

Overwatch nayo mwaka 2018 iliwapa wachezaji uwezo wa kumsifu mwenzao baada ya mechi. Waliotengeneza gemu walitangaza kwamba mechi zenye lugha ya matusi zilipungua kwa asilimia 26.4 katika bara la Amerika na asilimia 16.4 Korea. Kuanzia mwaka 2023 Call of Duty imeweka programu inayosikiliza sauti na kutambua matusi, ikianza na Kiingereza. Hapo ndipo penye kazi kwetu. Mashine iliyofunzwa Kiingereza haitajua matusi ya Sheng, ambayo hubadilika kila muhula wa shule ukimalizika. Mtu wa Eastlands anaweza kukutukana ukoo mzima na mashine ikaona ni salamu.

Lakini mfumo wa ishara una kasoro moja. Unamruhusu mwanamke kucheza akiwa amejificha. Nina binamu yangu wa miaka 17 ambaye kwa miaka miwili alicheza mtandaoni kwa lakabu ya kiume, kipaza sauti kimezimwa. Ana mikono myepesi kuliko yangu. Hakuna aliyemsumbua, kwa sababu hakuna aliyemjua. Wala hakuna aliyemfundisha, wala aliyemwalika kwenye timu, wala aliyemsifu kwa jina lake. Alipotaka kuja kwenye mashindano yetu ana kwa ana, mama yake, ambaye ni shangazi yangu, hakuniuliza lolote kuhusu gemu. Aliuliza: "Mwanangu, yataisha saa ngapi? Na nani atakuwa naye?"

Kwa mara ya kwanza nilikuwa na jibu. "Shangazi, saa kumi na mbili kasoro, na mimi nitakuwa pale."

Alikuja. Aliandika lakabu mpya, na hii si ya kiume. Akashindwa mechi mbili mfululizo na kutoka mapema sana, maana kucheza mbele ya watu si kama kucheza chumbani. Yule rafiki yangu wa "mnatia mchezo maji" alimwita kwenye meza ya wanaoanza, wakakaa pale saa nzima wakihesabu fremu. Nilipita nikamsikia akimwambia ulinzi wake una mashimo. Binamu yangu alimjibu neno ambalo sitaliandika hapa, meza nzima ikacheka, wakaendelea.

Mwezi uliofuata alirudi. Hajashinda mashindano yoyote bado, na huenda asishinde kamwe. Wengi wetu hatushindi. Sasa anapotea kwa sababu ya fremu. Hilo ndilo ninalolitaka kwa kila msichana anayeshika padi, apigwe na mchezo wenyewe, asipigwe na mambo ya pembeni.

Kwa hiyo ndugu msomaji uliyeniandikia, umesema kweli, padi haijui jinsia. Kama wewe ni mwandaaji wa mashindano, iwe ni Nairobi, Mombasa, Kisumu au Eldoret, nakuomba ufanye jambo moja wiki hii. Chukua ratiba yako ya mwisho, angalia mechi ya mwisho ilimalizika saa ngapi, kisha muulize msichana yeyote unayemjua angefikaje nyumbani. Kama unataka ile hesabu ya makadirio ya muda, niandikie. Nitakutumia msimbo bure, na ukipata hitilafu ndani yake niambie tuirekebishe pamoja.

Kwaherini kwa sasa. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tunarudi kwenye hifadhidata.